Leso Mbili na Ua wa Mikuki

Kabla hamjafungua lile sanduku la bluu, kaeni chini kidogo. Masanduku mengine yote fungueni vile mnataka. La kwanza lina mikia ya mbuzi. La pili lina meno ya kiboko ambayo si ya kiboko, ni paipu za plastiki nilizipasha moto kwa jiko nikazikunja zikiwa laini. Hizo zote ni zenu sasa. Kateni, pakeni rangi, haribuni mjifunze. Lakini lile la bluu lina leso mbili tu, kanga za kubebea mtoto, zimechakaa, na ninawajua nyinyi. Mmoja wenu mwenye roho safi ataziona, aseme wacha nimsaidie mathe, azitie kwa karai na sabuni ya unga. Ndiyo maana nimekaa hapa naandika.

Msinicheke ati nimestaafu na hata hamsini sijafika. Macho ndiyo yalistaafu, mimi nimeyafuata tu nyuma. Fundi ambaye kila saa anaita mtoto wa jirani amtungie uzi kwa sindano, huyo si fundi tena, ni mgonjwa aliye na mashine. Nimeshonea kikundi chetu mavazi ya maigizo tangu tukifanya mazoezi chini ya mabati kule mtaani Lucky Summer, mvua ikinyesha hakuna anayesikia mwenzake, mpaka siku hizi mnarekodi na simu na watu wa mbali wanaona. Kwa hivyo kuna vitu najua, na kuna vingine nilidhani najua. Vyote nitawaambia.

Nilianza na nguo za kwaya, Makadara, kwa duka la fundi mmoja Mkamba anaitwa Mumbua. Jioni nikifunga mashine naenda ngumbaru, kwa sababu shule yangu ya kwanza ilikatikia njiani. Huko ngumbaru ndiko nilijua historia si majina ya magavana peke yake. Mwalimu wetu alikuwa anasema, someni hii, halafu mwende muulize nyanya zenu kama ni kweli. Mimi nilidhani ni mzaha. Baadaye niliona ndiyo kazi yangu yote.

Wakati kikundi kilianza kuigiza hadithi za mazimwi, Mumbua na mimi tukapewa kazi ya nguo. Zimwi langu la kwanza nilishona lile la kwetu ziwani na pia la watu wa mlimani, kwa sababu nyanya wa pande zote mbili wanalisimulia karibu sawa, lile la mdomo wa pili nyuma ya kichwa. Jamani, lilikuwa zuri. Meno ya vifuniko vya soda, nywele za mkonge, ulimi wa blanketi nyekundu. Siku ya maonyesho zimwi likaingia jukwaani, likakosa kuona mbele, likakanyaga ngoma, likakaa ndani ya ngoma na likashindwa kutoka. Watoto walicheka mpaka wakalia. Mimi nililia bila kucheka.

Mumbua akaniambia, "Wewe umeshonea kioo. Zimwi halisimami mbele ya kioo. Linakimbia, linaanguka, linatoa jasho. Shonea jasho."

Hilo ndilo somo la kwanza, na msipochukua lingine chukueni hilo. Ukipewa mtu wa kumvalisha, usiulize anafanana na nini. Uliza anafanya nini na mikono yake.

La pili ni ngozi. Ngozi tunatoa Kiamaiko, kwa wauza mbuzi. Nendeni asubuhi mapema, na msikubali ngozi ya beberu hata ikiwa bei ya chini namna gani. Ngozi ya beberu unaipaka chumvi, unaipaka jivu, unaianika mwezi mzima kivulini, inanyamaza kabisa. Halafu mwigizaji anatoa jasho kidogo na ngozi inakumbuka ilikotoka. Tulikuwa na shujaa mmoja aliachwa na mchumba kwa sababu ya ngozi yangu. Na usianike juani, itakauka kama mlango. Muuzaji wangu alikuwa akiniona anapiga kelele, "Mama, leo unataka mbuzi wa kula ama mbuzi wa vita?"

Kanisani nako nilikuwa na maneno yangu. Akina mama wa kikundi chetu cha maombi waliniita pembeni siku moja. "Mama Akinyi, ni kweli unashona mashetani?" Nikawaambia, nashona ngozi ya mbuzi na magunia, na kila mkasi ninaoshika naanza na maombi. Na zimwi kwa hadithi zetu hufa mwisho, watoto wanatoka tumboni wakiwa wazima. Mmoja akauliza, "Wote wanatoka?" Nikasema wote, hata ng'ombe. Akasema basi atakuja kuona. Alikuja, na alileta mandazi.

Sasa nije kwa leso.

Kuna kijana mnamjua, Brayo, ndiye aliyekuwa anatutungia hadithi kubwa. Alikuwa amekunywa zile sinema za ng'ambo mpaka zikamtoka kwa masikio. Majoka, panga zenye majina, wafalme wenye wazimu. Akataka yetu. Watu wa Ziwa wanapigana na watu wa Nyika miaka na miaka, halafu shujaa wa Ziwa anamkata kichwa chifu wa Nyika, moto, ngoma, mwisho. Alikuwa ameshachora mpaka kofia za chuma zenye pembe. Nikamwambia, "Brayo, hii kofia na jua la kwetu, huyo shujaa atakufa kabla ya vita."

Lakini simdharau Brayo hata kidogo. Yeye ndiye alituletea ile desturi ambayo bado tunafanya, kwamba kabla hadithi haijaandikwa, kila mtu wa kikundi, hata wa kufagia, anaenda kwao anauliza wazee kitu kimoja cha zamani na anakileta. Mmoja alileta zile ngome za udongo za Wabukusu, ukuta na handaki kuzunguka kijiji chote, mlango mdogo mtu anaingia ameinama. Mwingine alileta mambo ya watu wa kuita mvua. Brayo akashika kichwa. "Jamani, buda, hii yote ilikuwa hapa na mimi naangalia majoka ya wenyewe?" Halafu akafikiri kidogo akasema, na hao wenyewe pia lazima walienda wakauliza nyanya zao. Kweli. Hakuna mtu hutunga kutoka kwa hewa.

Mimi nilileta kitu ambacho Dani, nyanya yangu mzaa mama, aliniambia tukichambua mboga. Kwao ilikuwa karibu na mpaka wa Wamaasai. Alisema vita ilikuwa haiishi kwa mtu kukatwa kichwa, kwa sababu huyo mtu ana ndugu. Vita ikichosha watu, pande zote mbili zinakutana mpakani. Wanaume wanaweka mikuki yao na ngao wanafanya ua. Halafu akina mama wanaonyonyesha wanakuja, huyu wa upande huu na yule wa upande ule. Kila mmoja anatoa mtoto wake, anampitisha juu ya ua, na anamnyonyesha mtoto wa adui.

Brayo aliacha kuchora.

"Watoi wenyewe?" Brayo akauliza. "Wa ukweli?"

"Wa ukweli."

"Na kesho yake?"

"Kesho yake utamchomaje mkuki mtu ambaye mtoto wako amekunywa maziwa yake?"

Brayo akachukua ile karatasi ya kofia za chuma akaikunja. "Mathe, hiyo inashinda joka."

Sikusema wazee walikuwa malaika, na nyinyi pia msiseme. Walikuwa wakiibiana ng'ombe, na Dani mwenyewe alikubali kwamba vita ilikuwa ikirudi, wale watoto wakishazeeka na kusahau. Walikuwa pia wanakata mbwa hapo mpakani wakila kiapo. Brayo alitaka mbwa. Mimi nikamwambia mbwa wa kweli hapana, nikamshonea wa gunia. Siku ya kujaribu mbele ya watoto wa ploti, majirani zetu, mbwa akatolewa, na mtoto mmoja akapiga nduru, "Ni kondoo!" Kiapo kikaharibika. Mbwa akaondoka kwa hadithi, na mimi sikusikitika.

Sasa ilibaki akina mama wawili na watoto wawili. Na hapo ndipo hii hadithi iliingia kwa nyumba yangu.

Binti yangu Akinyi alikuwa mwigizaji wetu, na rafiki yake mkubwa hapo kikundini alikuwa Wanjiru. Kupitia Wanjiru akamjua Kamau, kaka yake. Wakaanza kukaa pamoja, na wakapata kijana. Karibu wakati huo huo Wanjiru naye akapata kasichana. Kwa hivyo akina mama wetu wawili tulikuwa nao tayari, mmoja wa kwetu ziwani, mwingine wa Murang'a. Wao wawili hawakuwa na shida. Shida ilikuwa sisi nyanya.

Kijana alizaliwa usiku. Kwetu mtoto wa kiume wa usiku ni Otieno, hata hakuna mkutano. Nilimwita hivyo kabla hajakauka maji. Lakini kwao Kamau, kijana wa kwanza anachukua jina la babu yake mzaa baba, na huyo babu, Njoroge, alikuwa amezikwa hata mwaka haujaisha. Mama Kamau alisikia mjukuu wake anaitwa Otieno, akasema basi, mumewe amefutwa. Hakuja kuona mtoto. Mnajua hiyo ni nini kwa mtaa. Akina mama wa upande wa baba wanatakiwa waje na shopping, na uji, na nyimbo, ploti yote inawasikia. Wiki zikapita, mtoto akaanza kucheka, akaanza kushika vitu, na hakuna aliyebisha hodi. Majirani walikuwa wanauliza kwa upole, na upole wao ulikuwa unanichoma. Nilimwona Akinyi akimvalisha mtoto vizuri kila Jumapili mchana, anakaa naye karibu na mlango.

Na mimi hilo jina singelibadilisha. Mtoto alizaliwa usiku, mimi sikumpangia saa. Nilikuwa nimeomba juu ya hilo jina na moyo wangu ulikuwa umetulia. Nilichokuwa nikiogopa ni kwamba kijana angekua upande mmoja tu, kama nguo yenye mkono mmoja.

Basi tukaanza kazi. Ua wa mikuki nilitengeneza mimi na seremala, na nikarudia kosa la zimwi. Niliutengeneza mrefu kushinda mwanamume, ncha juu, umepakwa rangi ya damu ya mzee. Ukiuona unashika kifua. Akinyi akaja mbele yake na mtoto, akatazama juu. Wanjiru kwa upande ule akauliza, "Mathe, unataka turushiane kama mpira?"

Walicheka wote. Mimi nilienda nyuma nikakaa. Dani hakuwahi kuniambia ule ua ulikuwa na urefu gani, na mimi nikauchukua kutoka kwa sinema za Brayo bila kujua. Lakini ukifikiria kidogo unaona. Hawa ni akina mama wametoka vitani, wengine wamezika. Mikono inatetemeka. Hauwezi kumwambia apitishe mtoto juu ya ncha. Ule ua lazima ulikuwa chini ya titi. Tukaukata. Tukalaza mikuki ikiegemeana, ncha zikaangalia udongo. Haukutisha tena mtu, lakini uliposimama hapo ulijua ni wa nini.

Hiyo ndiyo inaitwa kuchukua historia, vijana. Kitu cha kweli ni kigumu. Ukikileta ndani ya hadithi hakikubali kukaa kama pambo, kinakulazimisha ukate ua, ubadilishe nguo, ufikirie mikono. Joka halikulazimishi chochote. Joka unalishona vile unapenda.

Nguo pia nilibadilisha. Nilikuwa nimewashonea ngozi ya kufunga mpaka shingoni, kama malkia. Mama anayenyonyesha havai hivyo. Tulikubaliana hawatanyonyeshana kweli, maana kliniki inakataza na mimi pia nakataza, siku hizi si zile. Wangemshika mtoto tu chini ya leso, wamwimbie. Lakini hata hiyo lazima ngozi ifunguke mbele, mkono mmoja.

Ikaja siku ya kubadilishana. Watoto wote wawili walipiga mayowe kama wamechomwa sindano. Kasichana kalikunja mgongo mikononi mwa Akinyi, Otieno akawa mwekundu mikononi mwa Wanjiru. Nikadhani ni ngozi. Nikatoa ngozi. Mayowe. Brayo akaimba. Mayowe zaidi.

"Tuweke midoli," Brayo akasema. "Ukumbi tumeshashika, ni Jumapili ya wiki ijayo. Hakuna njia."

"Midoli itajulikana na kila mama aliyekaa pale," nikamwambia. "Na wakijua ni midoli, hata amani itakuwa ya midoli."

Nilipokuwa nikienda ngumbaru, Akinyi mwenyewe akiwa mdogo, nilikuwa namwachia jirani. Alikuwa analia mpaka nasikia nikiwa kwa barabara. Halafu nikajifunza kumwachia na leso ambayo nimelala nayo. Analia kidogo, anaweka pua hapo, analala. Mtoto hajui sura, anajua harufu. Basi nikawaambia, kutoka leo mpaka Jumapili, leso ya Wanjiru ilale na Otieno, na ya Akinyi ilale na kasichana. Zikipoteza harufu zirudi kwa wenyewe, zivaliwe, zirudi tena.

Brayo akapiga makofi. Halafu akauliza, "Na nani atakuwa anazibeba?"

Hapo ndipo wote waliniangalia. Wanjiru alikuwa anafanya kazi ya kufunga bidhaa kwa kiwanda huko Baba Dogo, anatoka giza, mtoto anabaki na mama yake, huyo huyo Mama Kamau. Akinyi hangeweza kuingia kwa Mama Kamau bila kuitwa, hajapelekwa nyumbani bado, ataingia na mguu gani? Nilibaki mimi.

Niliomba njia yote. Mama Kamau alikuwa amekaa mlangoni anachagua maharagwe, kasichana ka Wanjiru kamefungwa mgongoni.

"Hodi hapa."

"Kari... Ah. Ni wewe."

"Ni mimi, Mama Kamau. Bwana asifiwe."

"Amen." Hiyo hakuna mama wa kanisa anaweza kukataa kujibu, nilikuwa nimeitegemea.

"Nimekuja kuchukua leso ya Wanjiru. Ni ya maigizo."

"Hayo maigizo ya kupeana watoto."

"Hayo."

"Wa kijana wangu nimenyimwa, sasa mnataka nipeane wa binti yangu."

"Hakuna amekunyima, mama. Mlango wangu uko wazi."

"Mlango uko wazi, jina limefungwa." Akatupa jiwe la maharagwe kwa uwanja. "Njoroge alikufa akiulizia huyo mtoto. Akinyi alikuwa na tumbo dogo hivi. Alikuwa akimwambia Kamau, huyo ni mimi anakuja."

Hilo sikuwa najua. Nikasema tu, "Pole, mama."

Akamfungua mtoto mgongoni, akamlaza kwa kiti, akanipa ile leso. Ilikuwa na joto. Mimi nikampa ya Akinyi. Aliileta karibu na uso, haraka, kama mtu anaangalia kama maziwa yameharibika. Halafu akaikunja vizuri.

"Ananyonya?"

"Sana."

"Kamau pia alikuwa hivyo," akasema, akarudi kwa maharagwe yake.

Nilienda tena na tena wiki hiyo. Hatukuwa marafiki, msidhani. Lakini siku moja nilipewa kiti. Siku nyingine chai, bila sukari, nikainywa hivyo hivyo. Nilikuwa nimewahi kusikia mahubiri juu ya mkwe na mkwe waliogombana, wakapanga mawe mpakani wasivukiane kwa ubaya, halafu wakakaa juu ya hayo mawe wakala. Nilikuwa nikiangalia ile chai nikijiuliza kama sisi tumefika mawe ama tumefika chakula.

Jumapili ukumbi ulijaa, watu wamekuja moja kwa moja na nguo za kanisa. Mama Kamau alikuja pia. Alikaa mbele kabisa na kitambaa chake cha kichwa, akamwambia kila mtu amekuja kuchunga mjukuu wake wa kike asiangushwe. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia, pini kifuani, utepe wa kupimia shingoni, kama kawaida.

Mikuki ikalazwa. Wanaume wakarudi nyuma. Akinyi akaja upande wa Ziwa, Wanjiru upande wa Nyika, ngozi zimefunguka mkono mmoja vile nilishona. Wakapitisha watoto. Kasichana kakaweka pua kwa Akinyi, kakanyamaza papo hapo. Nikasema asante Bwana, imefanya kazi.

Halafu Otieno akalia.

Si kulia kwa mchezo. Wanjiru akamfunika na leso, akamtikisa, akamwimbia. Alilia mpaka pumzi inakatika. Watu wakaanza kunong'ona, kiti kikalia, mtu akacheka huko nyuma. Wanjiru akaniangalia macho yamejaa maji. Brayo akanishika mkono, "Mathe, nifunge pazia?"

Kwa viti vya mbele mtu akasimama.

"Wewe Wanjiru, si hivyo! Utamvunja. Lete hapa."

Mama Kamau alipanda jukwaani na viatu vyake vya kanisa na mkoba wake mkononi. Akamchukua kijana, akamweka begani, akaifunga ile leso ikawashika wote wawili. Otieno akavuta hewa. Akasukuma pua yake kwa shingo ya yule mama, akatafuta, akatafuta, akapata. Akanyamaza.

Ni hapo tu ndipo nilielewa kosa letu. Tulikuwa tumeita ile leso ya Wanjiru, na kweli ni Wanjiru aliinunua. Lakini Wanjiru alikuwa kiwandani mchana kutwa. Aliyekuwa anaivaa, anabeba mtoto nayo, anapika nayo, anatolea jasho ndani yake, ni nyanya. Kijana wetu alikuwa amelala wiki nzima na nyanya yake, na hakuna kati yetu aliyejua.

Watu ukumbini walidhani ni sehemu ya hadithi. Akinyi akarudisha kasichana kwa Wanjiru juu ya mikuki, vile imeandikwa. Mama Kamau naye hakusonga. Alikuwa anamwangalia kijana masikio, vidole, anamgeuza kidogo kwa mwangaza, anatafuta mtu anayemjua. Nadhani alimpata. Halafu akaangalia pembeni, kwa pazia.

"Mama Akinyi. Kuja."

Nilitoka nikiwa na sweta yangu na pini zangu mbele ya watu wote. Nikasimama upande wa Ziwa. Yeye alikuwa upande wa Nyika. Ule ua ulinifika kiunoni, na nilishukuru tuliukata.

Akampitisha mtoto juu ya mikuki, polepole, mikono yake inatetemeka.

"Shika Otieno wako," akasema.

Nikamshika.

"Nimempokea Njoroge," nikasema.

Brayo alifunga pazia bila kuambiwa.

Baadaye, watu wakiwa bado wanapiga kelele huko nje, nilianza kukusanya nguo za kufua kama kila mara. Ngozi huku, magunia huku. Nilipofika kwa zile leso mbili, Mama Kamau, ambaye alikuwa amekaa kwa sanduku la bluu kijana amelala mapajani, alininyang'anya mkononi.

"Hizi usifue," akasema.

Akainuka, akafungua sanduku, akaziweka.

Basi nanyi msizifue.